Hesabu ya Mvua

Tuseme ni mechi ya kriketi ya ova 50 kila upande. Timu ya kwanza imemaliza zamu yake na mikimbio 240, kwa hiyo ya pili inahitaji 241 ili ishinde. Imekwisha kucheza ova 30, imebakiza 20, na hapo mvua inashuka. Inapokatika, waamuzi wanatangaza kwamba muda uliopotea umekula ova 10, na zilizobaki ni 10 tu. Lengo jipya liwe ngapi?

Kwa jedwali la Duckworth na Lewis, kama timu hiyo imepoteza wiketi mbili, lengo linashuka hadi 189. Kama imepoteza sita, linakuwa 221. Na kama imepoteza nane, lengo ni 239. Nusu ya ova walizobakiza imekwenda na maji, na nafuu waliyopewa ni mikimbio miwili basi. Mvua ni ile ile, uwanja ni ule ule, ova zilizopotea ni zile zile. Majibu ni matatu, na yote matatu ni ya haki.

Anayeiona hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani timu iliyopoteza wiketi nane imeonewa. Mimi nimeikalia kwa miaka, na kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni kati ya kazi safi kabisa ambazo akili ya binadamu imewahi kuufanyia mchezo wowote. Hesabu yenyewe si ngumu sana, na mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuifuata. Kinachonivuta ni kwamba walioibuni walijiuliza swali ambalo wenzao wote walilipita mbio: mvua inapochukua ova, imechukua nini hasa?

Kwa msomaji ambaye kriketi haijapita kwao, maneno machache yanatosha. Kila ova ni mipira sita. Kila timu ina wiketi kumi za kupoteza, moja kila mpigaji anapotolewa. Zamu huisha ova zikimalizika au wiketi ya kumi ikianguka, lolote litakalotangulia. Basi mpigaji hucheza akiwa na macho mawili, moja kwenye ova na jingine kwenye wiketi. Mwanzoni mwa zamu hujizuia, kwa sababu akitolewa mapema wenzake wataubeba mzigo mrefu. Mwishoni huachia mkono, kwa sababu wiketi ambayo haikutumika haimfai mtu mechi ikishakwisha.

Zamani waandaaji walitazama jicho moja tu. Walichukua mikimbio ya timu ya kwanza, wakaigawa kwa ova, wakaizidisha kwa ova zilizobaki kwa timu ya pili. Mia mbili na arobaini kwa ova 50, mvua ikija mapumzikoni na kuacha ova 30, unapata 144, na lengo ni 145. Machoni inaonekana ni haki tupu. Lakini timu ya pili inaingia na wiketi zake kumi kamili za kutumia katika ova 30, wakati wapinzani walizinyoosha wiketi kumi zile zile katika ova 50. Wanaweza kupiga kwa fujo tangu mpira wa kwanza. Manahodha walilijua hilo vizuri: mawingu yakikusanyika, aliyeshinda kura ya sarafu alikuwa na kila sababu ya kuwatanguliza wapinzani kupiga. Jedwali la Duckworth na Lewis, kwa mechi hiyo hiyo, linadai 181. Kati ya 145 na 181 kuna mikimbio 36, na hiyo yote ilikuwa zawadi ya mawingu kwa timu ya pili.

Ili kuziba tundu hilo, kukabuniwa kanuni nyingine, na ndiyo iliyotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1992 kule Australia na New Zealand. Kanuni hii ilisema: mvua ikikata ova mbili, tafuta ova mbili ambazo timu ya kwanza ilipata mikimbio michache zaidi, zitoe, kisha hesabu zilizobaki. Nia ilikuwa njema. Ila tazama inaifanyia nini timu iliyorusha mpira vizuri. Ova ulizorusha kwa ustadi, ukambana mpigaji asipate hata mkimbio mmoja, ndizo zinazofutwa. Umahiri wako wa asubuhi unageuka kuwa adhabu yako ya jioni.

Mashindano yale yalitoa ushahidi mara mbili. Tarehe 1 Machi, Adelaide, Pakistan walitolewa wote kwa mikimbio 74. England walihitaji 75 katika ova 50, na ingekuwa kazi ya mchana mmoja tulivu. Mvua ikaja, ova zikapunguzwa hadi 16, na lengo likawa 64. Ova 34 zimekwenda, mikimbio 11 tu imepungua. England walikuwa na 24 kwa wiketi moja mvua ilipofunga kazi kabisa, timu zikagawana pointi. Pointi ile moja ndiyo iliyowavusha Pakistan hadi nusu fainali mbele ya Australia, na mwishowe wakalitwaa kombe, wakiwafunga England hao hao fainalini Melbourne.

Ya pili inajulikana zaidi. Sydney, 22 Machi, nusu fainali. England walikuwa wamefunga 252 kwa wiketi sita katika ova 45, kwa kuwa Afrika Kusini walirusha kwa kujivuta na muda ukawaishia. Afrika Kusini, ambao ndio kwanza walikuwa wamerudi katika kriketi ya kimataifa baada ya miaka ya kutengwa, walifika 231 kwa wiketi sita. Walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13. Ni kazi nzito, lakini inafanyika. Brian McMillan na Dave Richardson walikuwa bado wamesimama pale kati. Mvua ikanyesha kama dakika kumi na mbili. Ova mbili zikakatwa. Ova mbili za England zilizokuwa na mavuno madogo kuliko zote alizirusha Meyrick Pringle, na kwa pamoja zilikuwa na mkimbio mmoja tu. Basi lengo likapungua kwa mkimbio mmoja. Ubao wa uwanja ulionyesha 22 kwa mpira mmoja. Hesabu sahihi ilikuwa 21. Tofauti hiyo haikumsaidia mtu, maana mpira mmoja halali hauzidi mikimbio sita ukiuvusha mpaka wa uwanja. McMillan akausukuma mpira wa mwisho wa Chris Lewis, akachukua mkimbio mmoja, wakatoka uwanjani.

Walio wengi walioutazama mchezo ule waliona aibu, wakalaumu mvua, wakalaumu televisheni na ratiba. Frank Duckworth aliona tatizo la hesabu ambalo lina jawabu. Alikuwa mtakwimu katika sekta ya nishati ya nyuklia ya Uingereza, mzaliwa wa Lancashire, na mwaka ule ule wa 1992 aliwasilisha wazo lake kwa watakwimu wenzake wa Royal Statistical Society. Tony Lewis, naye mtu wa Lancashire, mzaliwa wa Bolton, alikuwa mhadhiri chuoni Bristol. Akawasiliana na Duckworth, na wawili hao wakaanza kazi iliyowachukua miaka.

Kabla ya kugusa tarakimu walijiwekea masharti, na hapa ndipo unapomtambua fundi. Njia yao lazima iwe na haki sawa kwa pande zote mbili. Lazima itoe jibu lenye akili katika kila hali, hata ile ya ajabu. Isitegemee ni ova zipi timu ya kwanza ilipata mikimbio mingi na zipi ilipata michache. Sharti hilo peke yake lilikuwa limeizika kanuni ya Sydney. Na iwe rahisi kutumika uwanjani na mtu mwenye karatasi moja na kikokotoo cha mfukoni. Sharti hili la mwisho nalipenda kupita yote. Waliandika wakimfikiria mwandishi wa alama katika kibanda cha mbao, mvua ikipiga bati, manahodha wawili wamemsimamia kichwani. Wangeweza kubuni kitu cha kuwafurahisha maprofesa wenzao, na hawakufanya hivyo.

Kisha wakalijibu swali. Mvua inapochukua ova haichukui muda tu, inachukua uwezo wa kufunga mikimbio, na uwezo huo umeundwa na vitu viwili vilivyoungana: ova zilizobaki na wiketi zilizobaki. Huwezi kukipima kimoja ukakiacha kingine. Mvuvi aliyebakiza saa nyingi baharini lakini chambo kimemwishia, ukimkata saa mbili hujampunguzia samaki wengi. Mwenzake mwenye kapu la chambo bado limejaa, saa mbili hizo hizo ukimkata umemnyima riziki.

Uwezo huo wakauita rasilimali, wakausoma kwa asilimia. Timu inayoanza ova 50 na wiketi zote ina 100. Jedwali lililochapishwa mwaka 2002 liko wazi kwa yeyote, na mimi huwa nalisoma kama watu wengine wanavyosoma ramani. Ova 40 na wiketi zote ni 89.3. Ova 30 ni 75.1. Ova 20 ni 56.6. Ova 10 ni 32.1. Tazama mwendo wake: kumi za kwanza zinaondoa 10.7 tu, kumi za mwisho zina thamani ya 32.1. Hiyo ndiyo tabia ya mpigaji tuliyoisema, anayejizuia mwanzo na kuachia mwisho, sasa imeandikwa kwa tarakimu.

Halafu nenda upande wa kulia, mahali wiketi zinapoanguka. Timu yenye ova 50 lakini imepoteza sita ina 34.9. Iliyopoteza nane ina 11.9. Na hapa kuna jambo lililonifanya niweke kalamu chini nilipoligundua: katika safu hiyo ya wiketi nane, ova 50 ni 11.9, ova 40 ni 11.9, ova 30 ni 11.9, na ova 20 bado ni 11.9. Ova thelathini nzima hazina thamani inayoonekana hata kwa sehemu ya kumi ya asilimia moja, kwa sababu wapigaji wa mwisho hawatakuwepo kuzicheza. Ukishuka hadi ova 10, unapata 11.4. Ndiyo maana timu yetu ya mwanzo, ile iliyokatwa ova 10 ikiwa na wiketi nane chini, ilipunguziwa mikimbio miwili tu. Ilinyang'anywa kitu ambacho kwa sehemu kubwa haikuwa nacho. Yule mwenye wiketi mbili tu chini alikuwa na 52.4 akabaki na 30.8, amepoteza 21.6, zaidi ya sehemu ya tano ya nguvu zote za zamu nzima, na lengo lake likashuka kwa kiasi hicho hicho.

Shuka sasa hadi chini kabisa ya jedwali. Zikibaki ova tano, timu isiyopoteza wiketi ina 17.2 na iliyopoteza sita ina 14.3. Pengo lililokuwa kubwa kule juu limekaribia kufungika. Mechi inapoelekea mwisho, idadi ya wiketi inapungua uzito, kwa sababu hakuna muda wa kuzipoteza zote. Kila mchezaji alikuwa anajua hivyo mwilini mwake. Nyuma ya jedwali kuna mikondo kumi, mmoja kwa kila idadi ya wiketi zilizopotea, na yote inaanzia sehemu moja ikielekea upande mmoja, halafu kila mmoja unajikunja na kulala kwenye dari yake. Dari ni mikimbio ambayo wapigaji waliobaki wangeweza kufunga hata kama ova zisingeisha kamwe. Mlinganyo mmoja mfupi unaishika mikondo yote kumi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyetupa rasimu nyingi.

Ubunifu wao haukuishia hapo. Kuna hali ngumu zaidi, nayo ni mvua kuikata timu ya kwanza katikati ya zamu. Hawa walikuwa wanajipanga kwa ova 50, wamejibana, wametunza wiketi zao kwa ajili ya mwisho, na ghafla wanaambiwa zamu imekwisha. Timu ya pili inaingia ikijua tangu mwanzo ova zake ni ngapi. Haki inadai lengo la timu ya pili lizidi mikimbio iliyofungwa na ya kwanza, na hilo ndilo watazamaji wengi hulikasirikia kuliko jambo lolote. Wamefunga 150, kwa nini tuwafuate kwa zaidi ya 200?

Tulifanyie hesabu. Timu ya kwanza imefunga 150 bila kupoteza wiketi katika ova 20, mvua inaimaliza zamu yao, na timu ya pili inapewa ova 20. Ya kwanza imetumia 24.9 tu ya rasilimali zake. Ya pili ina 56.6. Ukizidisha kwa uwiano wa moja kwa moja, lengo linakuwa 341 katika ova 20, karibu mikimbio mitatu kwa kila mpira. Huo ni upuuzi, maana hesabu imechukulia kwamba mwanzo ule wa moto ungeendelea mpaka mwisho, na mwanzo wa moto hauendelei hivyo. Duckworth na Lewis waliliona shimo hilo, wakalikwepa kwa uamuzi mmoja wenye busara: lengo likipunguzwa, zidisha kwa uwiano, likiongezwa, usizidishe, jumlisha. Chukua ile tofauti ya rasilimali, 31.7, uihesabie kwa mikimbio ya timu ya wastani katika ova 50, ambayo baadaye iliwekwa kuwa 245, kisha uiongeze juu ya 150. Lengo linakuwa 228. Ni gumu, lakini ni la mchezo wa kriketi. Katika uamuzi huo naona wazi kwamba hawakuwa wameipenda fomula yao kiasi cha kuiacha iseme uongo.

Njia yao ilitumika kimataifa kwa mara ya kwanza Harare, tarehe 1 Januari 1997. Zimbabwe walikuwa wamefunga 200. Mvua ikawapunguzia England ova hadi 42, na lengo likawa 186. England walifika 179 kwa wiketi saba, wakashindwa. Kwa wastani wa zamani lengo lingekuwa 169, na wangeshinda. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa hesabu ya Waingereza wawili iliwafunga Waingereza, ikawapa haki yao wenyeji wa Harare ambao hakuna aliyewapa nafasi. Baraza la Kriketi la Kimataifa likaikubali rasmi mwaka 1999.

Na Sydney je? Watu waliirudia mechi ile kwa hesabu mpya. Mvua ilipokatika, Afrika Kusini wangehitaji mikimbio mitano kwa mpira wa mwisho ili washinde, na minne kutoka sare. McMillan angelazimika kuupiga mpira mmoja uvuke kamba ya uwanja bila kugusa chini. Nafasi ni finyu, lakini nafasi ya 22 kwa mipira 13 nayo ilikuwa finyu. Hicho ndicho kipimo cha kazi hii: mvua iiache kila timu pale pale ilipokuwa, mwenye matumaini madogo abaki na madogo, mwenye makubwa abaki na makubwa.

Lakini hesabu nzuri ikifika mikononi mwa watu bila kusomwa vizuri, inaweza kuumiza pia. Tarehe 3 Machi 2003, Kingsmead, Durban, Afrika Kusini waliokuwa wenyeji wa Kombe la Dunia walikuwa wakiifukuza Sri Lanka iliyofunga 268. Mvua ilikuwa inazidi. Wapigaji walipelekewa ujumbe kwamba mwisho wa ova ya 45 wanatakiwa wawe na 229. Mark Boucher akampiga Muthiah Muralitharan mikimbio sita, wakafika 229, akaukinga mpira wa mwisho wa ova hiyo bila kukimbia, akiamini kazi imekwisha. Mvua ikaifunga mechi. Ila 229 ilikuwa tarakimu ya sare; ushindi ulikuwa 230. Wenyeji wakatolewa katika kombe lao wenyewe. Kundi lile ndilo walilokuwamo Kenya, waliokuwa wameifunga Sri Lanka hiyo hiyo Nairobi siku chache kabla kwa wiketi tano za Collins Obuya. Kenya wakasonga mbele, na tarehe 20 Machi wakacheza nusu fainali dhidi ya India kwenye uwanja ule ule wa Kingsmead. Nikikumbuka mwezi ule, ambao kwa Afrika Mashariki nzima ulikuwa mwezi wa fahari, namkumbuka pia mtu asiyejulikana anayechapisha karatasi ya tarakimu ova kwa ova. Kazi yake haimaliziki tarakimu inapokuwa sahihi. Inamalizika pale aliyeshika gongo uwanjani anapojua tarakimu hiyo inamaanisha nini.

Jedwali la karatasi lilikuwa na udhaifu, na waliolitunga walikuwa wa kwanza kuusema. Timu inapofunga mikimbio mingi kupita kawaida, haiwezi kungojea mwisho ndipo iachie mkono. Inapiga tangu mwanzo, na mikondo inapaswa kunyooka. Kwa hiyo likaja toleo la kompyuta, ambalo linabadilisha mikondo kulingana na ukubwa wa mikimbio ya timu ya kwanza, na michezo mikubwa ikahamia huko. Urahisi wa kikokotoo cha mfukoni ukaachwa nyuma. Mimi nilihuzunika, lakini naona kwa nini ilibidi.

Mechi za ova 20 zilileta mtihani mwingine. Tarehe 3 Mei 2010, Guyana, England walifunga 191 katika ova 20. Mvua ikawaachia West Indies ova sita, na lengo likawa 60. Kwa wastani mtupu lingekuwa 58. Timu yenye wiketi kumi za kutapanya katika mipira 36 ikadaiwa mikimbio miwili tu juu ya wastani, ikashinda. Nahodha Paul Collingwood alilalamika hadharani, na kwa maoni yangu alikuwa na haki. Mikondo ilichorwa kutokana na mechi za ova 50, na sasa ilikuwa inabebeshwa mchezo wa mwendo mwingine. Wapo waliotaka njia ya Duckworth na Lewis itupwe; mhandisi wa Kerala, V. Jayadevan, alikuwa na njia yake iliyopata watetezi wengi India. Jibu la wawili wale lilikuwa kurudi kwenye takwimu. Steven Stern, profesa wa takwimu huko Queensland, alikabidhiwa kazi hiyo, akairekebisha ili iendane na kasi ya wapigaji wa leo, na tangu Novemba 2014 jina lake likaungwa na majina ya wale wawili. Mikondo inaendelea kupimwa upya kwa matokeo mapya ya mechi.

Duckworth na Lewis walitunukiwa nishani ya MBE mwaka 2010. Lewis alifariki Machi 2020, Duckworth Juni 2024. Kwa robo karne majina yao yalitajwa mvua inaponyesha tu, mara nyingi kwa hasira, na watu ambao timu yao ilikuwa imeshindwa. Walijibu barua, waliandika makala, walieleza upya kile walichokwisha kueleza. Sijui mafundi wengi waliovumilia hivyo.

Tarehe 4 Novemba 2023, Bengaluru, Kombe la Dunia, New Zealand walifunga 401 dhidi ya Pakistan. Mawingu yalikuwa yanaonekana, na Fakhar Zaman aliingia akijua anachokifukuza hasa ni ile karatasi, wala si 401. Alipiga mikimbio sita baada ya sita, akafika 126 bila kutolewa. Mvua ilipofunga siku, Pakistan walikuwa na 200 kwa wiketi moja katika ova 25 na mipira mitatu. Kwa hesabu ya wastani walipaswa kuwa wamefika 204 na nusu, na wangeshindwa. Lakini walikuwa bado na wiketi tisa mkononi, na karatasi ilitaka 179 tu. Wakashinda kwa 21. New Zealand walifunga mikimbio 401 wakashindwa, na ukiipitia hesabu ile mpira kwa mpira huoni mahali walipodhulumiwa.